Nani Amesema Hayuko Tayari

Ninyi vijana mtakaosoma haya mkiwa mmejilaza chali na simu imewakaa juu ya pua, kaeni vizuri kwanza. Nataka kusema habari ya mapenzi na ndoa, nayo si habari ya kusomwa kwa mgongo. Najua mtanong'onezana kwamba bibi huyu hana jipya, yeye aliolewa enzi za kuchaguliwa mume kama mtoto anavyochaguliwa viatu vya shule. Hamjui. Mume wangu nilimchagua mwenyewe, na baba yangu alinuna mpaka mtoto wa pili alipozaliwa. Ila leo sisemi yangu. Nasema ya mjukuu wangu, ambaye nusura amkose mwanamume mzuri kwa sababu ya ujumbe mfupi wa simu, na ya mwandishi mmoja wa zamani ambaye hata jina lake silijui.

Nianze na huyo mwandishi.

Mimi nauza vifaa vya mafundi cherehani hapa Kariakoo: zipu, vifungo, nyuzi, lasi, lastiki, sindano, bitana. Kijiduka chenyewe kina upana wa mlango na urefu wa kwenda juu, vidroo mpaka darini. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, vifungo nafungia karatasi. Nanunua makaratasi chakavu kwa kilo, magazeti, madaftari ya shule, vitabu vilivyochoka, nayachana na kuyakunja. Siku moja mjukuu wangu akanishika mkono nikiwa katikati ya kuchana. Huyu ni binti wa mwanangu mkubwa, amemaliza chuo, kazi bado inamkwepa, kwa hiyo yuko nami dukani.

"Bibi, hiki usichane. Hii ni riwaya."

Nilikuwa nimeshaichana kiasi. Jalada halikuwepo tangu inaletwa, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshaondoka na vifungo vya mashati kwenda Mbagala na Gongo la Mboto. Jina la kitabu na jina la mwandishi yalikwenda huko huko. Kama wewe ni fundi na unacho hicho kikaratasi, kaa nacho tu. Sisi tumeshazoea.

Kilichobaki kilikuwa kinene. Ni habari za watu wa nchi ya baridi, zamani sana, wanaopanda farasi na kuota moto sebuleni, na mtu fulani alizigeuza kuwa Kiswahili, Kiswahili kilichopigwa pasi kama cha redio ya zamani. Mimi kusoma najua, nilifika darasa la nne, lakini nasoma kama mtu anayetembea na kokoto ndani ya kiatu. Kwa hiyo yeye akawa anasoma, mimi napanga zipu. Tulisoma baada ya saa saba, mafundi wakienda kula, jua limejaa barabarani na hata wachuuzi wa nje wamepumzisha koo.

Nilidhani nitasinzia. Sikusinzia. Watu wale ni watu wa Kariakoo, wamevaa makoti tu.

Kulikuwa na mjane mmoja aliyekuwa na wachumba watatu. Wa kwanza alikuja na zawadi kila wiki. Wa pili alikuja na machozi, analia akiingia, analia akitoka. Wa tatu alisahau kuja na chochote, ila aliinua macho akaona moshi wa jikoni unarudi ndani, akamuuliza mjane anavuta hewa gani humo, kisha akapanda juu ya paa. Mwandishi anasema mjane alichelewa mwaka mzima kumwona huyo wa tatu kwa sababu wale wawili walikuwa wanapiga kelele mbele yake. Hapo mjukuu wangu alicheka mpaka akashika kaunta. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka babu yake. Alikuwa mtu wa reli, hakuwahi hata siku moja kuniambia ananipenda, wala mimi sikumuuliza. Lakini miaka yote niliyofungua duka hili nilijua komeo lake ni jepesi, unasukuma kwa kidole. Alipougua akashindwa kutoka nyumbani ndipo nilipogundua kwamba ni zito kuliko mlango. Alikuwa anapita kulilegeza alfajiri, kabla ya zamu yake, anaondoka bila kusema.

Palikuwa pia na mume na mke waliogombana juu ya kiti, kikae upande huu wa dirisha au ule. Wakanyamaziana majira mazima ya baridi. Mwandishi anasema hakuna kati yao aliyekitaka kile kiti. Kila mmoja alitaka aulizwe. Niwaambie ukweli, mambo ya kwenye semina za ndoa nimeyasikia mengi, na kwenye kichenpati nimekaa mbele kabisa nikitoa nasaha, mimi na wenzangu, bibi harusi amefunikwa kanga tunamwambia avumilie, avumilie, avumilie. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia aulizie kiti.

Tulibishana siku nyingi kama mwandishi huyu ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakikutusaidia, maana mwandishi ni mwandishi, na akijitaja anasema mimi. Mjukuu alisema mwanamume, kwa sababu anajua sana habari za farasi na mashamba. Mimi nilisema mwanamke, kwa sababu kila palipo na karamu anakwambia ni nani aliyeosha vyombo.

Sasa nije kwa kijana.

Kijana alikuja dukani kutafuta mkanda wa cherehani. Nikamwambia sisi hatuuzi mikanda, akasema anajua, yeye mwenyewe ndiye anauza, ana duka la vipuri vya cherehani kule Gerezani, ila amesikia nina droo isiyofunguka. Nani alimwambia? Mjukuu wangu alijifanya anahesabu sindano. Kijana akaitoa droo, akaipiga randa kidogo, akairudisha, kisha akarudisha na zile alizozisogeza kuipata, kila moja mahali pake. Nikasema moyoni, huyu atazamwe. Mtu anayerudisha vitu vya watu mahali pake ni mtu adimu hapa mjini.

Ni wa kwetu Kilimanjaro, wa kanisa moja na sisi, baba yake amefariki, mama yake yuko Moshi. Mambo yakaenda kwa utaratibu. Akaja mshenga, ambaye ni mjomba wake mdogo, muuza jumla wa vyombo vya plastiki mitaa ya nyuma. Mtu mwenye sauti, mwenye hadithi, akianza salamu chai inapoa. Posa ikapokelewa. Ikabaki mama wa kijana ashuke kutoka Moshi na wazee wake, tutambuane, tupange siku ya kanisani.

Na hapa mjue nilivyo. Mimi ni mtu wa utaratibu. Niliwaambia wote wawili kwamba posa ikishaingia, maneno ya posa yanapita kwa mshenga. Salamu salimianeni, habari za kazi ulizaneni, lakini lini na vipi na kwa nini ni vya wakubwa. Binti hasimami katikati ya posa yake akajisemea. Wakakubali. Mjukuu alikubali akiwa amekunja mdomo, lakini alikubali.

Jumamosi moja tuko nyumbani Ilala, tumemaliza kula, simu ya mwanangu ikalia. Ujumbe wa mshenga. Huyu mjomba, mdomoni ana maneno ya kujaza lori, lakini kwenye simu anabana kana kwamba kila herufi inatoka mfukoni mwake. Mwanangu akasoma kwa sauti. Mshenga alisalimia, akasema ameongea na mama mtu pamoja na kijana. Amesema hayuko tayari kwa sasa. Tuvute subira.

Pale mezani palichafuka. Mwanangu alisema alijua tangu mwanzo, kijana anayecheka kidogo vile ana jambo. Shangazi mtu, yaani binti yangu, akasema hawa vijana wa siku hizi wakishapokelewa posa ndipo wanapoanza kuangalia kulia na kushoto. Mwingine akasema labda amepata mwingine. Mjukuu wangu alitazama sahani yake. Kelele zikazidi, nami sipendi kelele juu ya meza iliyoliwa. Nikagonga kijiko, nikasema, "Basi."

Mjukuu akanyanyuka akaenda chumbani, na huko, nilikuja kujua baadaye, akachukua simu yake akamblok yule kijana kila mahali panapoblokiwa. Mwanangu naye akachukua yake akamjibu mshenga. Alichoandika hakutusomea.

Ikapita wiki, ikapita nyingine. Kijana hakuonekana. Mshenga, ambaye duka lake na langu hata soda haipati joto ukiibeba, akawa anapita mtaa mwingine. Mjukuu akaja dukani kila siku, akauza, akarudisha chenji sawasawa, lakini kitabu hakukigusa. Nikimwambia asome, anasema macho yanauma. Wateja wakitania, harusi lini, anawauliza wanataka zipu nyeusi au kahawia.

Nilivumilia, kisha nikachoka. Siku hiyo mchana nikakitoa kitabu chini ya kaunta nikakiweka juu ya lasi aliyokuwa anaikunja.

"Soma. Kitabu hakijakukosea."

"Bibi, sitaki habari za mapenzi."

"Sijakuuliza unataka nini. Mimi nataka kujua yule dada amefikia wapi."

Maana tulikuwa tumefika kwenye moyo wa kitabu, ambapo walikuwepo wawili wanaopendana, na kulikuwa na shangazi mmoja anayezunguka nyumba hadi nyumba akibeba maneno. Si mbaya, shangazi yule. Mwandishi anamsema kwa upole, anasema alipenda kusaidia kuliko alivyopenda kusikiliza. Mjukuu akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu. Akafika mahali ambapo, baada ya shangazi kupita na maneno yake, kitabu kinasema kwamba aliondoka bila kumuaga, kwa kuwa alidhani hamtaki.

Nikasema, "Mwanamume mjinga huyo. Anaondoka bila kuuliza?"

Mjukuu akainua uso. "Mwanamume gani? Aliyeondoka ni yule dada."

"Dada amekaa zake dirishani, ataondokaje?"

"Bibi, mwanamume ndiye amekaa. Dada amepanda gari la farasi."

Tukabishana. Fundi mmoja alikuwa amekuja kununua uzi, akasomewa na yeye, akasema wote wawili wameondoka, kila mtu na njia yake, akacheka, akaenda zake. Tukafungua ukurasa unaofuata. Mjukuu ndiye alikuwa amepata: aliyeondoka ni dada. Mimi nilikuwa namlaumu mwanamume wa watu bure, kwa sababu ya herufi moja, hiyo a, ambayo kwa Kiswahili chetu humvaa yeyote. Aliondoka, yupi? Hamtaki, yupi hamtaki yupi? Mwandishi hana kosa, kwao labda waliandika wazi. Lakini hapa kwetu anayesoma ndiye anayeweka mtu.

Nikakaa na kijiti cha kuzungushia lasi mkononi. Mjukuu akaniuliza kama naumwa.

"Ule ujumbe wa mshenga ulisemaje?"

"Bibi, tafadhali."

"Ulisemaje? Neno kwa neno."

Aliujua kwa moyo, masikini. Nimeongea na mama mtu pamoja na kijana. Amesema hayuko tayari kwa sasa. Tuvute subira.

"Nani amesema?"

Ndugu zangu, tulikuwa watu saba kwenye meza ile, wawili wana digrii, na hakuna aliyeuliza. Wote saba tulimweka kijana pale, kwa sababu tulikuwa tunamwogopa kijana tangu kabla ya simu kulia. Mwandishi yule alishalisema hilo sura za nyuma huko, kwamba mtu mwenye hofu akiletewa habari nusu, nusu ya pili huwa anayo tayari nyumbani. Nililisikia, nikatikisa kichwa, nikaendelea kupanga zipu.

Sikumwambia mjukuu ninakokwenda. Nilijifunga kitenge, nikachukua fimbo yangu ya kutembelea, nikamwachia duka, nikavuka barabara ya mwendokasi nikaingia Gerezani. Ni mwendo wa mtu mzima asiye na haraka, kati ya mafundi wa magari na milio ya vyuma. Kijana nilimkuta ameinama juu ya cherehani lililofunguliwa tumbo, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha rangi. Aliponiona alisimama akafuta mikono, na hakujua atazame wapi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ulisema hauko tayari?"

"Tayari nini?"

"Kuoa."

Alinitazama kama nimemtukana. "Mimi? Bibi, mimi nilishanunua kitanda."

Fundi wa meza ya jirani aliachia pedali. Nikamwambia fundi huyo aendelee na kazi yake, kitanda si chake. Nikamuuliza kijana, kama si yeye, ni nani amesema hayuko tayari. Akasema ni mama yake. Ametolewa mtoto wa jicho kule Moshi, amefungwa plasta, daktari kamwambia apumzike. Na hata angeambiwa aje, asingekuja, alisema hawezi kwenda kumtambua mkwe wake kwa jicho moja, na picha zikapigwa akiwa amezibwa kama mnyang'anyi wa baharini. Hayo yote mjomba aliyafupisha.

Ningeweza kucheka, lakini nilikuwa na la pili. Nikamuuliza, kwa nini basi alitupa mgongo. Akatoa simu, akanionyesha picha ya jibu la mwanangu ambalo mjomba alimtumia. Limeandikwa hivi: Sawa. Na huku pia amesema basi.

"Nikajua amenikataa," kijana alisema. "Nikampigia nimuulize, nikakuta ameniblok. Ningefikiri nini, bibi?"

"Na miguu yako nayo imeblokiwa? Toka hapa hadi dukani kwangu ni mitaa mingapi?"

Akasema kwa adabu, lakini alisema, kwamba mimi ndiye niliyetoa amri maneno yapite kwa mshenga. Nilimwambia aje Jumapili nyumbani baada ya ibada, aje na mjomba, na avae shati lenye vifungo vyote.

Njiani kurudi ndipo nilipolielewa lile basi. Nani huko kwetu alisema basi? Mimi. Nilisema basi kunyamazisha meza, kama unavyosema basi kwa watoto wanaopigana kitandani. Mwanangu, ambaye hunisikiliza pale asipotakiwa, akalichukua kama hukumu ya bibi, akalituma, akasahau kuandika ni la nani. Kule likamvaa mjukuu. Hivyo mama mwenye plasta jichoni akawa kijana asiyetaka kuoa, na bibi anayetaka utulivu akawa binti aliyekataa kuolewa, na mshenga aliyetumwa kuunganisha akawa anakatiza mitaa ya nyuma kwa aibu.

Nilipofika dukani mjukuu alikuwa amesimama mlangoni. Alijua. Si kwamba aliambiwa, alinisoma tu.

"Amesema nini?"

Nilikuwa nimelishika ulimini, jambo lote, kitanda, plasta na picha. Ningelitoa pale pale angefurahi. Lakini nikamkumbuka yule shangazi wa kitabuni, na furaha yake ya kuingia kwenye nyumba za watu na habari njema. Nikasema, "Anakuja Jumapili. Ana neno lake. Mimi silibebi."

"Kama ana neno, mbona hakuja mwenyewe? Aliamini haraka hivyo kwamba mimi nimemkataa?"

"Muulize yeye. Na ukimaliza kumuuliza, naye ana la kukuuliza wewe na simu yako."

Akakunja mdomo, lakini jioni ile alisoma kurasa kumi bila kuombwa.

Jumapili wakaja. Sebule yetu si kubwa, na ilijaa: mwanangu na mkewe, shangazi mtu, mshenga amevaa suti, kijana na shati lake. Mjukuu akatoka na chai akaketi karibu na mlango wa uani, mbali na kijana kadiri sebule ilivyoruhusu. Televisheni ilikuwa inaimba kwaya, hakuna aliyeizima. Mshenga akasafisha koo. Akaanza tangu alivyoshuka kutoka Moshi akiwa na begi moja.

Nikamkatisha nikamwomba aeleze ujumbe. Akaeleza habari ya jicho. Mwanangu akaruka, kwa nini hukuandika ni mama? Mshenga akasema jambo liko wazi, anayesemwa hayuko tayari ni mgonjwa, kijana mzima atakosaje kuwa tayari? Na wewe je, ndugu yangu, nani alisema basi? Mwanangu akanyoosha kidole kwangu. Sebule nzima ikanitazama. Nikasema ndiyo, nilisema mimi, nilikuwa nawanyamazisha nyie, na leo nina hamu ya kulisema tena. Hapo walicheka, hata mkwe wangu ambaye hacheki mbele yangu.

Lakini wale wawili hawakucheka. Hilo nililiona. Wakubwa tulishapona, tumepata cha kulaumu, ufupi wa ujumbe, mambo yameisha, chai iongezwe. Wao walikuwa bado wako kule kila mtu alikokuwa, yeye na sahani yake, yeye na cherehani lake. Kosa la simu lilikuwa letu, lakini kuamini kulikuwa kwao. Kijana alifungua mdomo, mjomba akamjazia: kijana anachotaka kusema ni kwamba hana kinyongo. Akafungua tena, shangazi akasema tunajua, baba, tunajua. Mwanangu akaanza kutaja tarehe za kanisani.

Ndipo mjukuu akaweka kikombe chini. 

"Bibi, naomba nimuulize kitu mwenyewe."

Shangazi yake akamvuta sketi. Akamkumbusha taratibu za posa, binti hajisemei, tena mbele ya mshenga, na akanitazama mimi nimuunge mkono, kwa sababu sheria hiyo ni yangu na wote wanaijua. Mwanangu naye akanitazama. Kijana peke yake alikuwa anamtazama mjukuu wangu, na kwa mara ya kwanza siku ile mjukuu wangu hakutazama sakafu.

Mwandishi yule, mwanamume au mwanamke, aliandika mahali fulani kuhusu wazee wanaowapenda watoto wao kiasi cha kukaa katikati yao. Sikumbuki alivyomalizia. Nilisimama nikashika fimbo yangu, nikaielekeza uani.

"Tokeni wote. Mshenga, beba na chai yako, hadithi ya begi utanimalizia huko nje. Wewe zima hiyo televisheni. Wewe shangazi, achia hiyo sketi. Mlango urudishwe, na mtu yeyote asiingie humu kuchukua hata kijiko, mpaka hawa wawili waufungue wenyewe."